MWENYE KUKUMBUKA NA MWENYE KUANDIKA

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Nawasalimu nyote mlioketi darasani jioni hii, akina mama mliotoka kukamua ng'ombe na akina baba mliotoka shambani. Kila mmoja na afungue kitabu chake, na taa isogezwe karibu na wale ambao macho yao yamechoka. Anayeweza kusoma na anifuate neno kwa neno. Nikienda mbio, msihangaike. Maneno ya redio hupita, lakini haya yamepigwa chapa, nanyi mtayarudia kesho.

Nitaanza na swali la mzee mmoja. Nilipolitembelea darasa la watu wazima huko Gendabi, chini ya Mlima Hanang, mzee huyo alinionyesha mjukuu wake, msichana wa shule, aliyekuwa akisoma kitabu cha hadithi. Kitabu kilihusu vijana, majoka na miungu ya kale. Mzee akasema: "Mwalimu, sisi tumekuja kujifunza kusoma barua, hesabu za mahindi, na maandishi ya kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe. Haya ya majoka ni uwongo. Yana faida gani?"

Swali hilo ni zuri, na siku ile sikulijibu vema. Basi somo la leo ndilo jibu langu. Tutasafiri hadi nchi ya mbali, Japani, halafu tutarudi nyumbani.

KITABU CHA VIJANA

Mwaka wa 1988 mwanamke mmoja wa Japani, Noriko Ogiwara, aliyezaliwa mjini Tokyo mwaka wa 1959, alitoa riwaya yake ya kwanza. Jina lake ni Sorairo Magatama. Magatama ni ushanga wa kale wa jiwe, uliopinda kama jino la mnyama, na jina zima lina maana ya ushanga wenye rangi ya mbingu. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya vijana. Kilipendwa sana, na mwaka wa 1993 kikatolewa kwa Kiingereza huko Marekani.

Hadithi yenyewe ni hii, kwa ufupi. Msichana wa miaka 15, jina lake Saya, analelewa na wazee wawili katika kijiji kidogo. Si wazazi waliomzaa. Walimpata angali mdogo, wakati wa vita. Nchi imegawanyika. Upande mmoja wako watu wa Nuru, ambao wakuu wao hawafi. Upande mwingine wako watu wa Giza, ambao hufa na kuzaliwa tena. Saya amekua akiipenda Nuru, kisha anaambiwa kwamba asili yake ni Giza, naye ni binti wa maji. Anachukuliwa katika jumba la wakuu wa Nuru, na huko anamkuta kijana Chihaya, mwana wa mwisho wa mungu wa Nuru, amefungwa kwa kamba kwa sababu ndugu zake wanamwogopa. Saya anamfungua. Hapo ndipo mambo makubwa yanapoanza.

Mtasema, bibi huyu ana akili ya kubuni. Ndiyo, anayo. Lakini mifupa ya hadithi yake hakuibuni. Wakuu wa Nuru katika kitabu ni watatu: dada, kaka yake, na mdogo wao mkorofi. Kila Mjapani akiwasoma huwakumbuka watatu wengine, ambao habari zao zimesimuliwa tangu kale: Amaterasu, mwanamke wa jua; Tsukuyomi, wa mwezi; na Susanoo, mwenye ghadhabu ya dhoruba. Ogiwara alichukua vitu vya ghala la wazee, akavishonea vijana nguo mpya.

Sasa na tulitazame ghala hilo.

HADITHI ZA KALE ZA JAPANI

Wazee wa Japani walisimulia kwamba hapo mwanzo palikuwa na mume na mke, Izanagi na Izanami, walioviumba visiwa. Mke alikufa kwa kuungua alipomzaa moto. Mume akamfuata katika nchi ya wafu. Mke akamwambia, nimekwisha kula chakula cha huku. Ngoja niombe ruhusa, wala usinitazame. Mume hakuvumilia. Aliwasha moto, akamwona mkewe ameoza. Akakimbia, akaziba njia kwa jabali. Mke akasema kutoka ng'ambo ya jabali kwamba kila siku atawaua watu 1,000 wa nchi ya mumewe. Mume akajibu kwamba kila siku atawafanya watoto 1,500 wazaliwe. Kwa hadithi hiyo wazee wale walieleza jambo ambalo sote tunaliona: kila siku kuna matanga, na bado vijiji vina watu.

Baada ya hapo Izanagi alikwenda kuoga. Alipoosha jicho la kushoto alizaliwa Amaterasu. La kulia, Tsukuyomi. Na alipoosha pua alizaliwa Susanoo. Siku moja Susanoo alimchokoza dada yake mpaka akajificha pangoni, na dunia ikawa giza. Miungu mingine ikakusanyika nje, mmoja wao akacheza ngoma, wote wakacheka kwa sauti kubwa. Amaterasu akataka kujua wanacheka nini, akachungulia, na nuru ikarudi.

Susanoo alifukuzwa. Akafika penye mto, akawakuta wazee wawili wanalia na binti yao. Joka lenye vichwa vinane lilikuja kila mwaka kumla mmoja wa mabinti zao; saba walikuwa wamekwisha kuliwa. Susanoo akaweka mitungi minane ya pombe kali. Joka likanywa kwa vichwa vyote, likalewa, likalala, naye akalikatakata. Ndani ya mkia akaukuta upanga. Shikeni habari ya joka hili na mto ule, maana tutaihitaji tena.

JINSI ZILIVYOANDIKWA

Sasa tunafika katika kiini cha somo. Je, Ogiwara wa mwaka wa 1988 alizipataje habari za wazee waliokufa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita?

Zamani hizo Wajapani hawakuwa na herufi zao wenyewe. Mambo yao yalikaa vichwani na midomoni. Baadhi ya jamaa kubwa walikuwa na maandishi kwa herufi za Wachina, lakini maandishi hayo hayakupatana. Mfalme Tenmu, aliyetawala tangu mwaka wa 673 hadi 686, aliona hatari. Alisema kwamba makosa yasiposahihishwa sasa, haitapita miaka mingi ukweli utapotea. Akamchagua mtumishi wake mmoja, Hieda no Are, mwenye umri wa miaka 28, aliyesifiwa kwamba alilosikia kwa masikio halisahau kamwe. Wako wataalamu wanaosema alikuwa mwanamke. Are akaamriwa kuzishika kichwani nasaba za wafalme na hadithi za kale.

Kisha mfalme akafa kabla kazi haijaandikwa. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Kwa miaka kama 25 ghala zima lilitegemea kichwa cha mtu mmoja. Lau Are angepatwa na homa, au angezama mtoni, nani angeijaza nafasi yake?

Bahati ilikuwapo. Mwaka wa 711 mwanamke aliyeitawala nchi, Genmei, alimwita mwandishi mmoja, Ō no Yasumaro, akamwamuru aketi na Are na kuandika. Mmoja alikumbuka, mwingine aliandika. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 712 kitabu kilikuwa tayari, sehemu tatu. Kinaitwa Kojiki, maana yake Habari za Mambo ya Kale. Kazi iliyongojea miaka 25 ilimalizika kwa miezi minne hivi.

Yasumaro alipata taabu. Herufi za Wachina hazikutengenezwa kwa lugha ya Wajapani, kwa hiyo mara nyingine alizitumia kwa maana yake na mara nyingine kwa sauti yake tu. Msimcheke. Sisi nasi tuliazima. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa miaka mingi kabla ya hizi mnazojifunza, ambazo ni za Kirumi. Kuazima kalamu si aibu. Aibu ni kuwa na kalamu na kuiacha ikauke.

KITABU KIKALALA, KIKAAMSHWA

Kwa karne nyingi Kojiki haikusomwa sana, maana maandishi yake yalikuwa magumu. Aliyeifungua ni tabibu mmoja, Motoori Norinaga, aliyeishi tangu mwaka wa 1730 hadi 1801. Mchana alitibu wagonjwa, na baada ya kazi alisoma. Mwaka wa 1764 alianza kuieleza Kojiki neno kwa neno, akamaliza mwaka wa 1798: miaka kama 35, vitabu 44. Wewe uliyechoka leo jioni baada ya kupalilia, mkumbuke tabibu huyu.

Lipo na jambo jingine ambalo wakulima mtalipenda. Wako watu waliotia shaka juu ya kitabu hicho na juu ya mwandishi wake. Mwezi wa Januari mwaka wa 1979 mkulima wa chai karibu na mji wa Nara alikuwa akichimba ili apande miche mipya. Jembe likafika kaburini. Ndani palikuwa na mifupa iliyochomwa na bamba la shaba lenye maandishi: jina la Ō no Yasumaro, cheo chake, mahali alipokaa, na tarehe ya kufa kwake mwaka wa 723. Miaka 1,256 ilikuwa imepita. Bamba dogo lenye maneno machache lilimtambulisha mtu huyo, na aliyelipata ni mkulima aliyekuwa shambani kwake.

ONYO

Kabla ya kurudi nyumbani, lazima niseme na ubaya uliotokea, maana historia isiyotaja makosa ni nusu. Katika miaka ya 1930 na wakati wa vita kuu ya pili, watawala wa Japani waliamuru hadithi hizi zifundishwe shuleni kuwa ni historia kamili, ili vijana waamini kwamba mfalme wao ni wa uzao wa mwanamke wa jua na wawe tayari kufa vitani kwa ajili yake. Mtaalamu mmoja, Tsuda Sōkichi, aliyeandika kwamba habari za kale zile si historia, vitabu vyake vilipigwa marufuku mwaka wa 1940, naye akahukumiwa mahakamani mwaka wa 1942. Vita vikaisha kwa msiba mkubwa. Tarehe 1 Januari 1946 mfalme mwenyewe alitangaza kwamba mawazo ya kuwa yeye ni mungu hayana msingi.

Basi hadithi na historia si kitu kimoja. Historia hutuambia jambo lilitokea lini na wapi. Hadithi hutuambia watu waliogopa nini, walipenda nini, na walijifunza nini. Tukizichanganya tutapotea. Tukiitupa mojawapo tutakuwa maskini. Mzee wangu wa Gendabi alisema kweli kwamba joka la vichwa vinane halikuwapo. Lakini hofu ya wale wazee wawili penye mto ilikuwapo.

TURUDI NYUMBANI

Je, Afrika Mashariki wako waliofanya kama Ogiwara? Wako. Wahaya wa Bukoba wana ngano juu ya chanzo cha Ziwa Ikimba, na kutokana na ngano hiyo J. K. Kiimbila aliandika riwaya fupi ya Kiswahili, Lila na Fila, iliyotolewa mwaka wa 1966. Jina lake laikumbusha methali yetu kwamba lila na fila havitangamani. Shaaban Robert wa Tanga, katika Kusadikika cha mwaka wa 1951, alibuni nchi iliyoelea hewani ili aseme juu ya haki na dhuluma. Na katika kisiwa cha Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka wa 1945 kitabu kikubwa juu ya bwana Myombekere na bibi Bugonoka na desturi za Wakerewe, kwa lugha ya Kikerewe. Hakikupata wa kukipiga chapa. Akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka wa 1980, naye akafariki mwaka wa 1981. Alingoja miaka 35, lakini alikuwa amekwisha kuandika. Karatasi inaweza kungoja. Kichwa cha mtu hakiwezi.

Na Mbulu na Hanang je? Ghala liko, tena limejaa. Wairaqw humwita Mungu Looa, nalo ni jina linaloambatana na jua, naye hutajwa kama mama mwenye wema. Tena husimulia juu ya neetlaangw, pepo wanaokaa katika chemchemi na mito, ambao watu huwahofia. Mama wa jua upande mmoja, wakazi wa maji upande wa pili! Hatukuazima kwa Wajapani, wala wao hawakuazima kwetu. Ni watu wawili walioishi kati ya milima na mito, wakaitazama mbingu na kuyachunga maji. Wairaqw wana na slufay, maombi marefu ya kishairi ambayo mzee huyatamka mbele ya mkutano na watu wakaitikia. Wabarbaig nao wana bung'eda, mazishi ya heshima ya mzee mkubwa, ambapo kaburi huinuliwa kuwa kilima kwa miezi mingi, na nyimbo huimbwa zenye habari za ukoo. Hao ndio kina Hieda no Are wetu. Wako hai. Pengine mmoja ameketi karibu nawe sasa hivi.

MLIMA NA MTO

Niliwaambia mlishike joka na mto wake. Wako wataalamu wa Japani wanaosema joka lile lilikuwa mto uliofurika kila mwaka, wenye vijito vingi kama vichwa, ukala mashamba na watu. Hilo ni wazo tu, lakini lina uzito.

Nyinyi wa Gendabi hamhitaji kufundishwa na Mjapani jinsi mlima unavyoweza kugeuka joka. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 iliyokuwa imelowa maji iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka kwa kufuata njia ya maji, vikapiga Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Nyumba, mifugo na mashamba vilikwenda. Msiba unapochukua watu huchukua pia na habari walizozibeba, na habari hizo hazina kaburi.

Sikilizeni habari moja ya mwisho ya Japani. Mwaka wa 1933 wimbi kubwa la bahari liliua watu wengi wa kijiji kidogo kinachoitwa Aneyoshi. Waliosalia walisimamisha jiwe mlimani, wakaandika juu yake kwamba watu wasijenge chini ya hapo. Wajukuu walilisoma, wakatii. Mwaka wa 2011 wimbi jingine likaja, kubwa mno. Maji yalikoma chini ya jiwe, na nyumba za Aneyoshi zikasalimika. Maneno yale yaliandikwa na watu wa kijiji, kwa ajili ya watu wa kijiji.

Basi mzee wangu, jibu langu ni hili. Mjukuu wako anaposoma kitabu cha majoka, anasoma kazi ya watu watatu: mzee aliyekumbuka, mwandishi aliyeandika, na kijana aliyekuja baadaye akakifanya kipya. Asingekuwapo wa kwanza, pasingekuwa na la kuandika. Asingekuwapo wa pili, wa tatu asingekuta kitu. Dawa ya ng'ombe isome, tena usikosee kipimo. Lakini kalamu hiyo hiyo ina kazi nyingine, na ni wewe unayeweza kuianza.

KAZI YA WIKI HII

Kila wawili waketi pamoja, mmoja anayekumbuka na mmoja anayeandika. Mwenye kukumbuka aseme polepole, kwa lugha yoyote aliyoizoea. Mwenye kuandika asiongeze wala asipunguze. Andikeni juu ya karatasi jina la msimulizi, mahali, na tarehe. Chagueni moja: hadithi ya kale mliyosimuliwa utotoni, au mambo mliyoyaona wenyewe Desemba ile ya 2023, maji yalipita wapi, na mahali gani palisalimika. Msichanganye hizo mbili. Mkikosea tahajia msifute hadithi kwa ajili ya kosa. Yasumaro naye alihangaika na herufi. Na kama mwenye kukumbuka akianza kulia, weka kalamu chini, umngoje.

Mwalimu wa darasa azikusanye karatasi zote, aziweke mahali pakavu, mbali na mchwa. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Hieda no Are alifanya kazi gani? Na Ō no Yasumaro je?
2. Kati ya kufa kwa mfalme Tenmu mwaka wa 686 na amri ya mwaka wa 711 ilipita miaka mingapi? Fanyeni hesabu.
3. Hadithi na historia hutofautianaje? Toeni mfano mmoja wa kila moja kutoka kwenu.
4. Watu wa Aneyoshi waliandika nini juu ya jiwe? Kama Gendabi ingesimamisha jiwe la namna hiyo, lingewekwa wapi, na liandikwe nini?
5. Ni nani katika kijiji chenu anayekumbuka zaidi mambo ya kale? Ni nani aliyekwenda kuketi naye mwaka huu?